Kampuni za uhandisi Mokowe na mtihani wa kuchagua programu ya kutunza michoro

MOKOWE, mji wa bara ambako abiria wa Lamu huteremka kwenye basi na kupanda boti, umekuwa jirani wa bandari ya kina kirefu tangu Mei 20, 2021, siku ambayo gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilifunguliwa rasmi.

Ujenzi wa bandari hiyo ulizinduliwa Machi 2, 2012 na Rais Mwai Kibaki, akiwa pamoja na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia. Magati matatu ya mwanzo, kila moja likiwa na urefu wa mita 400, yalijengwa na kampuni ya China Communications Construction Company.

Mahali penye bandari huzaliwa kazi nyingi ndogo zinazoizunguka ile kubwa. Kuna boti za kuhudumia meli, pampu za maji, majenereta, vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki, vyuma vya magati na injini zisizohesabika za boti za abiria. Kazi hizo zinaweza kufanywa na vijana wa Lamu, au zinaweza kupelekwa kwa kampuni za Mombasa na Nairobi.

Linaloamua si ustadi wa mikono peke yake. Mwenye kutoa kandarasi huuliza maswali ambayo hayajibiwi kwa nyundo: Mchoro wa kifaa hiki uko wapi? Ni toleo la ngapi? Nani aliuidhinisha? Kifaa kiliwahi kubadilishwa lini, na kwa nini?

Kampuni isiyo na majibu hayo hupoteza zabuni. Iliyo na majibu yasiyo sahihi hupoteza zaidi, kwa sababu chombo kilichotengenezwa kwa mchoro wa zamani hubeba watu walewale kama chombo kilichotengenezwa kwa mchoro sahihi.

Ndiyo maana kampuni za uhandisi duniani hutumia aina maalum ya programu za kompyuta, zinazojulikana kwa herufi tatu, PLM. Kwa Kiswahili zinaweza kuitwa programu za kusimamia maisha ya bidhaa. Kuzinunua ni rahisi mradi pesa zipo. Kuchagua inayofaa mahali kama Mokowe ndiko kwenye mtihani.

Maisha ya bidhaa ni nini?

Kila kitu kinachotengenezwa huwa na maisha yake. Huanza kama wazo, kikawa mchoro, kikaundwa, kikauzwa, kikatumika, kikaharibika na kurekebishwa mara nyingi, na mwisho kikachakaa na kuvunjwa. Katika kila hatua hiyo kuna habari inayozaliwa, na habari ya hatua moja huhitajiwa na hatua nyingine.

Fundi anayerekebisha boti leo anahitaji kujua aliyeichora alikusudia nini miaka kumi iliyopita. Mchoraji wa boti mpya anahitaji kujua ile ya zamani ilivunjika wapi. Afisa wa ununuzi anahitaji kujua ni skrubu za aina gani, na ngapi.

Programu ya aina hii huweka habari zote hizo mahali pamoja na kuziunganisha. Huwa na ghala la michoro, orodha ya sehemu zote za bidhaa, historia ya matoleo, na njia ya kuomba na kuidhinisha mabadiliko. Mtu akifungua jina la boti, huona kila kilichomo ndani yake. Akifungua jina la kipuri, huona kila boti inayokitumia.

Haifanyi kazi ya programu ya kuchora, wala haifanyi kazi ya programu ya mahesabu ya fedha. Ya kwanza hutengeneza mchoro. Ya pili huhesabu mali na malipo. Programu ya maisha ya bidhaa husimama katikati, ikihakikisha kwamba kilichochorwa ndicho kinachonunuliwa, na kinachonunuliwa ndicho kinachofungwa kwenye chombo.

Elimu ya majahazi

Wakazi wa Lamu hawahitaji kufundishwa umuhimu wa kutunza elimu ya chombo. Katika kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, mafundi wameunda majahazi kwa vizazi vingi pasipo mchoro wa karatasi. Urefu wa mkuku humwambia fundi upana wa chombo, na jicho lake hupima mpindo wa kila taruma.

Huo nao ni mfumo, na una nguvu zake. Aliyechora ndiye aliyechagua mti, ndiye aliyesimamia kalafati, na chombo kikipata tobo hurudishwa kwake. Habari haipotei njiani kwa sababu haisafiri. Iko katika kichwa cha mtu mmoja.

Udhaifu wake hujulikana siku fundi anapofariki kabla hajamrithisha mwanafunzi, au chombo kinapouzwa mbali, au kazi inapokuwa kubwa kiasi cha kuhitaji watu ishirini ambao hawajawahi kuonana.

Mwaka 2018 ulileta mfano wa kuzingatiwa. Mwezi Septemba mwaka huo mashua iitwayo Flipflopi ilizinduliwa Lamu, ikiwa imeundwa kwa plastiki iliyotumika tena na kuvishwa vipande vya malapa yapatayo 30,000. Kazi ya uundaji iliongozwa na fundi Ali Skanda. Mapema mwaka 2019 mashua hiyo ilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita 500 hivi.

Tabia ya mbao fundi huirithi kwa wazee wake. Hujua mti upi huvimba majini, upi hupasuka juani, na upi hushika msumari. Plastiki iliyoyeyushwa na kumiminwa upya haina urithi wa namna hiyo. Anayeitumia hana budi kupima, kuandika na kulinganisha, kwa kuwa hakuna mzee wa kuulizwa. Nyenzo mpya zinapoingia, iwe ni plastiki, fibaglasi au aluminiamu, kumbukumbu iliyoandikwa huchukua nafasi ya kumbukumbu ya kichwani.

Injini moja, mabadiliko saba

Ili kuona kazi ya programu hizi, inatosha kuchukua mfano wa boti ya abiria yenye injini ya nguvu ya farasi 40, ambayo mwenyewe anataka ifungwe ya farasi 75 ili ivuke haraka zaidi kati ya Mokowe na Lamu.

Kwa mtazamo wa kwanza hilo ni badiliko moja. Kwa mhandisi ni mabadiliko saba. Injini mpya ni nzito zaidi, kwa hiyo ubao wa tezi unaoibeba lazima uimarishwe. Uzito ukiongezeka nyuma, omo huinuka, na vitu vingine vyombani lazima visogezwe. Tangi la mafuta halitoshi tena. Mpira wa mafuta hubadilika. Rafadha huwa nyingine. Nyaya za betri zinahitaji unene mwingine. Na mwisho, idadi ya abiria wanaoruhusiwa lazima ihesabiwe upya.

Katika karakana isiyo na utaratibu, mabadiliko matano hufanywa na mawili husahauliwa. Hakuna aliyefanya uzembe kwa makusudi. Aliyefunga injini hakujua kuna hesabu ya abiria, na aliyefanya hesabu hiyo zamani hakuambiwa kuna injini mpya.

Katika programu ya maisha ya bidhaa, ombi la kubadilisha injini huonyesha papo hapo sehemu zote zilizoungana nayo. Kila sehemu hupelekwa kwa mwenye dhamana nayo. Mchoro mpya hautolewi karakanani mpaka kila mmoja ametia idhini, na ule wa zamani hubaki kwenye kumbukumbu ukiwa na alama kwamba hautumiki tena.

Watu wa pwani na wa maziwa wanajua uzito wa idadi ya abiria. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, Tanzania, na zaidi ya watu 220 wakafariki. Kilikuwa kimebeba watu wengi kupita uwezo wake. Programu haiwezi kumzuia nahodha anayepakia kupita kiasi, lakini inaweza kuhakikisha kwamba nambari iliyobandikwa kwenye chombo ni ya chombo hicho jinsi kilivyo leo, si jinsi kilivyokuwa kabla ya kubadilishwa.

Yaliyowapata wakubwa

Wazo la programu hizi lilianzia kwa kampuni iliyokuwa hoi. Mwaka 1985, kampuni ya magari ya American Motors ya Marekani ilikuwa ikishindana na wapinzani wenye fedha nyingi kuliko yake. Wahandisi wake, wakiongozwa na François Castaing, waliamua kutumia kompyuta katika uchoraji ili kuharakisha kazi, kisha wakaweka michoro na hati zote kwenye hazina moja ya data, ili migongano ipungue na mabadiliko yafanyike haraka. Mwaka 1987 kampuni hiyo ilinunuliwa na Chrysler, ambayo iliendeleza mtindo huo.

Somo lake kwa kampuni ndogo ni la kutia moyo: utaratibu huu ulibuniwa kama silaha ya mnyonge, haukuwa anasa ya tajiri.

Somo la pili lilitoka kwa kampuni tajiri. Airbus ya Ulaya ilipokuwa ikiunda ndege kubwa ya A380, wahandisi wake wa Hamburg, Ujerumani, walikuwa wakitumia toleo la zamani la programu ya kuchora iitwayo CATIA, huku wenzao wa Toulouse, Ufaransa, wakitumia toleo jipya. Matoleo hayo mawili hayakuelewana vizuri.

Ndege moja ya A380 ina nyaya za urefu wa kilomita 530 hivi. Vipande vya ndege vilipofikishwa Toulouse kuunganishwa, ilibainika kwamba nyaya nyingi hazikufika zilikokusudiwa. Mwaka 2006 kampuni ilitangaza ucheleweshaji mkubwa, na wakuu wake wakajiuzulu. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa Singapore Airlines Oktoba 2007, karibu miaka miwili baada ya wakati uliopangwa, na hasara ilihesabiwa kwa mabilioni ya yuro.

Airbus haikukosa programu. Ilikosa makubaliano kuhusu programu. Kampuni yenye karakana Mokowe na ofisi ya wachoraji Mombasa inaweza kuanguka katika shimo lilelile, japo kwa hasara ndogo zaidi.

Karibu zaidi na nyumbani, Uganda imeonyesha njia ndefu iliyopo kati ya kuunda kimoja na kuunda vingi. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilizindua gari la umeme la Kiira EV, na mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola linalotumia nguvu za jua. Gari moja la maonyesho linaweza kusimamiwa kwa madaftari na vikao. Kiwanda kinachotaka kila gari lifanane na mwenzake, na vipuri vyake vipatikane baada ya miaka kumi, kinahitaji kumbukumbu isiyotegemea mtu mmoja.

Zilizopo sokoni

Programu zinazotajwa sana na kampuni kubwa ni Teamcenter ya Siemens, Windchill ya PTC na ENOVIA ya Dassault Systèmes. Hizi hubeba mamilioni ya sehemu na hutumiwa na watengenezaji wa ndege, meli na magari. Uwezo wake ni mkubwa, na mzigo wa kuziendesha ni mkubwa vilevile, kwani huhitaji watu waliosomea kuzisimamia.

Kundi la pili ni la zile zinazolenga hasa kutunza michoro na matoleo yake, kama vile Autodesk Vault, ambayo huenda sambamba na programu za kuchora za kampuni hiyohiyo. Kwa ofisi nyingi ndogo, hilo ndilo hitaji lao la kwanza, na mengine yanaweza kungoja.

Kundi la tatu ni la programu zenye masharti tofauti ya malipo. Aras Innovator, kwa mfano, inaweza kupakuliwa bila kulipia leseni, na mteja akalipia huduma na uboreshaji. Neno la bure hata hivyo lisipumbaze: seva, mafunzo na mtu wa kuitunza havipatikani bure.

Wamiliki wa programu hizi nao hubadilika. Teamcenter ilikuwa mali ya kampuni ya UGS hadi mwaka 2007, Siemens ilipoinunua UGS kwa dola bilioni 3.5. Boti nzuri huishi miaka ishirini au zaidi. Anayechagua programu anapaswa kujiuliza itakuwaje ikiwa muuzaji wa leo hatakuwapo boti itakaporudi kufanyiwa matengenezo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Swali la kwanza halihusu programu kabisa: Ni kitu gani hupotea katika kampuni? Kabla ya kumwita muuzaji yeyote, wasimamizi wanafaa kuketi na mafundi na kuorodhesha makosa ya mwaka uliopita. Ni mara ngapi kifaa kilitengenezwa kwa mchoro uliopitwa na wakati? Ni mara ngapi kipuri kisichofaa kiliagizwa? Ni saa ngapi zilipotea katika kutafuta faili? Orodha hiyo ndiyo kipimo. Programu isiyotibu maradhi yaliyoorodheshwa haina maana hata ikiwa na mapambo mia.

Swali la pili ni kama programu inasoma michoro iliyopo. Kampuni yenye miaka kumi ya kazi ina mamia ya faili za namna mbalimbali. Kuna utaratibu wa kimataifa wa kubadilishana michoro, unaoitwa STEP, wenye nambari ya ISO 10303. Programu isiyoweza kupokea na kutoa faili za STEP itamfunga mteja kwa muuzaji mmoja.

La tatu ni makao ya data. Programu nyingi siku hizi huendeshwa kupitia intaneti, data ikiwa kwenye kompyuta za muuzaji ng'ambo. Faida yake ni kwamba kampuni haihitaji kununua seva wala kuogopa wezi na chumvi ya bahari. Hasara yake hujulikana intaneti inapokatika.

Mwezi Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi za Afrika Mashariki kwa siku kadhaa. Karakana ambayo michoro yake yote iko ng'ambo hukaa bure siku kama hizo huku boti ya mteja ikiwa juu ya magogo. Kwa mazingira ya Lamu, programu inayoweka nakala kwenye kompyuta ya karibu, kisha ikajisawazisha mtandao unaporudi, ina thamani kuliko inavyoonekana katika tangazo.

La nne ni fedha, na hapa panahitajika hesabu ya miaka mitano badala ya mwezi mmoja. Leseni nyingi hutozwa kwa dola. Chukua mfano wa kampuni yenye watumiaji 8, kila mmoja akitozwa dola 50 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 4,800. Januari 2024, dola moja ilipofikia takriban Sh160, bili hiyo ingekuwa Sh768,000. Miezi michache baadaye, shilingi ilipoimarika hadi kwenye Sh130, bili ileile ingekuwa Sh624,000. Tofauti ya Sh144,000 haikuletwa na kazi yoyote iliyofanywa au kuachwa na kampuni.

Juu ya leseni huongezwa gharama ya kuhamisha michoro ya zamani, mafunzo, kompyuta, na muda ambao wafanyakazi watakuwa wakijifunza badala ya kuzalisha. Anayesahau muda huo hushangaa baadaye kwa nini mradi umeingia hasara.

La tano ni lugha na watu. Fundi wa Mokowe anajua mkuku, taruma, tezi na omo. Programu inayomlazimisha kutafuta sehemu hizo kwa majina ya kigeni itatumiwa na wachoraji peke yao, na karakana itarudia daftari lake. Programu nyingi zinaruhusu mteja kujiwekea majina yake. Muuzaji aonyeshe jambo hilo likifanyika mbele ya fundi, na lifanyike kwenye simu, maana fundi hufanya kazi chini ya boti na si mezani.

La sita ni haki ya kuondoka. Mkataba useme wazi kwamba data ni mali ya kampuni, na kwamba mkataba ukiisha, michoro, orodha za sehemu na historia ya matoleo itatolewa katika muundo unaosomeka na programu nyingine. Michoro bila historia ni nusu ya mali.

La saba ni sheria. Programu hizi hutunza pia majina ya wafanyakazi na wateja. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayoweka masharti kuhusu jinsi habari za watu zinavyotunzwa na kupelekwa nje ya nchi. Muuzaji aulizwe data hukaa nchi gani.

Kupima kwa alama

Majibu yakishapatikana, njia ya haki ya kulinganisha ni kugawa alama 100 kulingana na mahitaji ya mahali. Kwa kampuni ya Mokowe, mgawanyo unaweza kuwa hivi: urahisi kwa mafundi 25, kufanya kazi bila intaneti 20, kusoma michoro iliyopo 20, urahisi wa kutoa data 15, gharama ya miaka mitano 15, na msaada wa muuzaji 5.

Kila programu hupewa maksi kati ya 0 na 10 kwa kila kipengele, kisha maksi hizo huzidishwa kwa uzito wake na kugawanywa kwa 10. Programu iliyopata 3 kwa kufanya kazi bila intaneti huvuna alama 6 kati ya 20. Iliyopata 9 huvuna 18. Pengo la alama 12 katika kipengele kimoja linaweza kuiangusha programu yenye jina kubwa.

Kampuni ya Nairobi yenye mtandao wa kutegemewa ingeweza kukipa kipengele hicho alama 5 tu, na mshindi akawa mwingine. Ndiyo sababu ushauri wa rafiki wa mjini, hata ukiwa wa nia njema, hauwezi kufuatwa kama ulivyo.

Ni muhimu uzito upangwe kabla ya wauzaji kuonyesha bidhaa zao. Ukipangwa baadaye, huvutwa na maonyesho.

Jaribio la boti moja

Maonyesho ya muuzaji hutumia data yake mwenyewe, iliyosafishwa. Kipimo cha kweli ni boti moja ya kampuni, na michoro yake yote jinsi ilivyo, pamoja na ile iliyochanika na ile yenye majina ya ajabu.

Programu mbili zilizoongoza kwa alama zipewe boti hiyohiyo kwa miezi miwili au mitatu. Mchoraji aweke michoro, mnunuzi atoe orodha ya vipuri, fundi atafute sehemu akiwa karakanani. Kisha liletwe ombi halisi la mabadiliko, kama lile la injini ya farasi 75, na ihesabiwe ni athari ngapi zilionekana na ngapi zilipita bila kuonekana.

Siku moja intaneti izimwe kwa makusudi. Siku nyingine kompyuta moja ichukuliwe kana kwamba imeibwa, na kampuni ijaribu kurejesha data yake. Mwishoni kila kitu kitolewe na kufunguliwa katika programu nyingine. Muuzaji anayekataa majaribio hayo amekwisha kutoa jibu.

Wakati wa kutonunua

Si kila karakana inahitaji programu hizi. Kampuni ya watu watatu inayoshughulikia injini chache kwa mwezi inaweza kujitosheleza kwa kanuni nne, ikizishika bila kulegea.

Kanuni ya kwanza ni nambari moja kwa kila sehemu, isiyorudiwa milele. Ya pili ni kila mchoro kuwa na nambari ya toleo na tarehe. Ya tatu ni mtu mmoja anayejulikana kuwa na mamlaka ya kuidhinisha toleo jipya, na kuondoa la zamani karakanani. Ya nne ni kuwa na nakala ya akiba iliyo nje ya jengo, kwa kuwa moto na maji havibishi hodi.

Kanuni hizo zinaweza kuendeshwa kwa jedwali la kawaida la kompyuta na kabati la mafaili. Tena kampuni isiyoweza kuzifuata kwa kalamu haitazifuata kwa programu ya maelfu ya dola. Vurugu za kabati zikihamishwa kwenye kompyuta hubaki vurugu, na huwa ngumu zaidi kuonekana.

Dalili za kwamba wakati umefika ni tatu: kazi inapofanyika katika sehemu zaidi ya moja, bidhaa moja inapoanza kuwa na aina nyingi zinazofanana, na wateja au wakaguzi wanapoanza kudai historia ya mabadiliko. Vyombo vya majini humu nchini hukaguliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya (KMA), na mwenye kumbukumbu safi hukutana na mkaguzi akiwa na majibu mkononi.

Kazi ya kuanza sasa

Kampuni ambayo bado haina fedha inaweza kuanza kwa kazi isiyohitaji leseni: kuwahoji mafundi wazee na kuandika wanayoyajua. Kwa nini boti fulani hupigwa taruma za ziada? Kwa nini msumari wa aina fulani uliachwa? Majibu ya namna hiyo hayamo katika mchoro wowote, na hakuna programu itakayoyabuni.

Yakiandikwa na kupewa nambari, yatakuwa tayari kuingizwa katika mfumo wowote utakaochaguliwa baadaye. Yakiachwa, kampuni inaweza kununua ghala bora kabisa la kumbukumbu na kukuta haina cha kuweka ndani yake.